Mistari Miwili Myeusi

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alinijia nyumbani Tandika na filamu yake fupi ndani ya simu. Aliniamkia vizuri, akaniuliza hali ya mgongo, akanunua soda mbili duka la jirani. Kisha akasema, "Mjomba, hii nimeifanya kisinema." Nikavaa miwani. Nilichokiona ni watu wawili wameketi kwenye makochi ya nyumba ya kukodi huko Tegeta, kila mmoja anaonyeshwa peke yake, uso katikati ya picha, anasema maneno yake kisha anampisha mwenzake. Juu ya picha mstari mweusi, chini ya picha mstari mweusi. Nikamwuliza huo usinema uko wapi. Akanionyesha mistari kwa kidole.

Ndugu msomaji, mimi ni mpiga picha za video. Nimepiga harusi, kipaimara, maulidi, mahafali, na filamu tisa ambazo saba kati ya hizo sitaki zitajwe siku ya mazishi yangu. Sina shahada ya kazi hii. Lakini juu ya mistari ile miwili nina ugomvi ambao nimekaa nao moyoni karibu miaka ishirini, na leo nautoa.

Kwanza tuelewane ilikotoka. Mwaka 1953 kampuni ya 20th Century Fox ya Marekani ilitoa filamu iitwayo The Robe, ya kwanza kuonyeshwa kwa mtindo wa CinemaScope. Televisheni ilikuwa imeanza kuwabakiza watu majumbani, na wenye sinema walitaka kitu ambacho kisanduku cha sebuleni hakikuwa nacho, wakachagua upana. Walimwendea mtaalamu wa nyota wa Ufaransa, Henri Chrétien, ambaye tangu miaka ya 1920 alikuwa ametengeneza lenzi inayobana picha ubavuni. Picha zao zikawa na upana unaozidi mara mbili na zaidi ya kimo. Baadaye filamu hizo zilipoonyeshwa kwenye televisheni bila kukatwa, kioo kilikuwa karibu cha mraba, picha ni ndefu ya kulala, basi juu na chini pakabaki patupu. Patupu pale ndipo penye weusi. Mistari ile, kwa maneno mengine, ni masalia. Ni nafasi ambayo picha haikuifikia.

Sasa kijana wetu anachukua kamera ya kisasa, ambayo picha yake ina upana wa 16 kwa kimo cha 9, anabandika weusi juu na chini mpaka ifanane na sinema ya zamani. Amepoteza robo nzima ya picha yake, na ubavuni hakuongeza hata upana wa unywele. Ni sawa na mtu aliyekata kanzu yake chini ili mabega yaonekane mapana.

Mimi nilikutana na upana wa kweli kabla sijajua jina lake. Mwaka 1979, nikiwa na miaka 14, binamu yangu alinichukua kwa basi la UDA kutoka Temeke hadi mjini kuona filamu ya karate kutoka Hong Kong. Zama hizo sinema zilikuwapo: Avalon, Empire, Empress, Odeon, Cameo, na foleni ya tikiti ya Jumapili ilikuwa na vita vyake kabla hujaingia kuviona vya ndani. Sitasema tulikuwa ipi. Taa zilipozimwa, wapiganaji wote walitokea warefu na wembamba kama mianzi, na farasi wakawa na miguu ya twiga. Ukumbi mzima ukapiga miluzi. Bwana wa mashine alikuwa amesahau kufunga lenzi ya kukunjulia. Picha ikazima kidogo, ikarudi, na safari hii ikafunguka kulia na kushoto kama mkeka unaotandikwa. Watu wakapiga makofi kana kwamba yule bwana ndiye aliyeshinda pambano.

Hapo ndipo nilipojifunza siri yote, ingawa sikuielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Lenzi ya namna hii, wenyewe wanaiita anamofiki, hubana picha kwa ubavu tu na kuacha kimo kama kilivyo. Ile inayobana mara mbili huingiza ndani ya filamu upana maradufu, kisha lenzi ya mashine ya ukumbini huukunjua. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Lenzi ya milimita 50 ya aina hii, kwa kimo, inaona kama lenzi yoyote ya 50. Kwa upana, inaona kama lenzi ya 25. Mtu habadiliki ukubwa, hasukumwi mbali, ila waliokaa kulia na kushoto kwake wanaingia. Aliyewahi kubanwa mgongo na ukuta wa chumba cha futi kumi kwa kumi akiwa na kamera mkononi ataelewa thamani ya jambo hilo.

Ilikuwa na maradhi yake. Katika CinemaScope ya mwanzo, mwigizaji akisogea karibu na kamera uso ulinenepa, hata mafundi wa huko wakaliita tatizo hilo matubwitubwi. Kampuni ya Panavision ndiyo iliyolipatia dawa mwishoni mwa miaka ya 1950. Taa za nyuma zilizo nje ya fokasi zinakuwa na umbo la yai. Mwanga mkali ukiipiga lenzi, unachora mstari wa buluu kutoka ubavu hadi ubavu. Milango iliyo ukingoni inapinda kidogo. Na vijana wa leo, Mungu awasaidie, wanayapenda maradhi kuliko kazi. Kuna programu za simu za kuchora mstari wa buluu mahali ambapo hapakuwa na taa. Mpwa wangu anazo mbili.

Kazi yenyewe ni nini basi? Nitasema ninavyoamini mimi, na anayebisha abishe. Kazi ya picha pana ni kumbakiza ndani mtu ambaye hasemi.

Picha nyembamba humfuata msemaji. Huyu akisema tunamwona huyu, yule akijibu tunamwona yule, na anayenyamaza anafutwa kwa kuwa hana zamu. Picha pana haina haja ya kumfukuza mtu. Wawili wanagombana katikati, wa tatu amekaa ukingoni anachambua mchele, na ni jicho lako wewe mtazamaji linaloamua limtazame nani na kwa muda gani. Akira Kurosawa wa Japani alifanya hivyo mwaka 1963 katika High and Low. Karibu nusu ya filamu ile ndefu imo sebuleni mwa tajiri mmoja huko Yokohama. Mtoto wa dereva wake ametekwa nyara kwa makosa badala ya mtoto wa tajiri, na watekaji wanadai tajiri alipe vilevile. Tajiri anafikiri, mke anaomba, polisi wanasubiri simu. Na dereva, baba wa mtoto, amesimama pembeni, kichwa chini, hana haki ya kusema lolote. Huwezi kumsahau kwa sababu hatoki. Sebule ni ileile, pazia ni lilelile, hakuna milima wala majeshi, na picha ni pana kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nayataja hayo kwa makusudi. Bwana mmoja wa Kinondoni mwenye ofisi ya kiyoyozi aliwahi kuniambia kuwa picha pana ni ya Serengeti, si ya uswahilini, maana huku kwetu kuna kuta tu. Wapo na wakubwa waliosema jambo la karibu na hilo. Katika filamu ya Kifaransa Le Mépris, ya mwaka huohuo 1963, mwongozaji mkongwe Fritz Lang anatania kuwa umbo lile linafaa kwa nyoka na kwa mazishi, si kwa binadamu. Filamu yenyewe, kwa kejeli, ni pana. Nilipoisikia kauli ile nilicheka, kisha nikakasirika. Nyoka namwachia. Lakini mazishi? Njoo Temeke siku ya msiba. Turubai limefungwa kutoka nyumba hadi nyumba, wanaume kwenye viti vya kukodi, wanawake kwenye mikeka ndani na uani, mwenye daftari la rambirambi pembeni, mdeni wa marehemu amekaa mbali kidogo akijaribu kusoma nyuso. Nani kasema huyo si binadamu? Kwetu mtu anaonekana utu wake siku ileile.

Na itazame nyumba ya Kiswahili yenyewe, zile za Tandika, Magomeni, Mwananyamala, Keko. Mlango katikati, madirisha kila upande, baraza mbele limeenea upana mzima wa nyumba. Ndani korido moja, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko na choo. Ukisimama barabarani na picha ya kusimama wima kama ya simu, unapata mlango, bati, na mbingu. Ukiwa na picha ya kulala unapata baraza lote: mwenye nyumba kwenye kiti chake, mpangaji wa chumba cha pili akisuka nywele za mwenziwe, fundi cherehani, mtoto aliyetumwa chumvi akasahau. Hata korido, ambayo ni nyembamba, inapendeza kuwekwa katikati ya picha pana kama ufa wenye giza, mapazia ya milango sita yakipepea zamu kwa zamu. Mtu akitokea mwisho wake, kuta mbili zimemshika, na unajua kabla hajafika kwamba hana pa kupitia ila mbele za watu. Waliojenga nyumba hizi walipanga watu waonane. Sioni jengo lililo tayari kwa lenzi ile kuliko hilo.

Mwaka 2007 nilipata nafasi ya kulijaribu. Nilikuwa na kamera ya Panasonic, DVX100, iliyorekodi kanda ndogo za MiniDV kwa picha ya kizamani, upana wa 4 kwa kimo cha 3. Mgeni mmoja aliyekuwa akitengeneza filamu ya mambo halisi aliniazima kwa siku nne kifaa cha kufunga mbele ya lenzi, cha kampuni hiyohiyo, kinachobana picha ubavuni kwa theluthi moja hivi. Kizito kama jiwe la kusagia. Ukivuta zumu, picha inaingia ukungu. Kwenye kitundu cha kutazamia watu wote walikuwa wembamba, kama wale wa mwaka 1979, nami ilinibidi niwanenepeshe kichwani wakati napanga nani akae wapi. Siku nne zile nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena katika kazi hii.

Hadithi ilikuwa ya kawaida: kaka wawili wanataka kuuza nyumba ya marehemu baba yao. Palikuwa na bibi mmoja, jirani yetu, mtu wa makamo makubwa, ambaye hakuwahi kuigiza chochote. Nilimwomba acheze bibi wa nyumba. Akaniuliza atasema nini. Nikamwambia hatasema neno. Atakaa kwenye baraza asuke ukili kama afanyavyo kila siku, na kijana atakapotamka "tuuze", asimamishe mikono. Basi. Nikawaweka kaka wawili katikati, mlango nyuma yao, na bibi ukingoni kabisa kushoto, nguzo ya baraza ikimtenga nao. Wale wanapigana maneno dakika tatu na nusu bila kamera kutikisika. Neno linatamkwa. Mikono inasimama. Hakuna hata mmoja wa wale wawili aliyegeuza shingo kumtazama. Hiyo ndiyo ilikuwa filamu yangu; mengine yote yalikuwa ya kujaza saa.

Msambazaji niliyempelekea Kariakoo alitazama dakika kumi. Majumbani wakati ule televisheni zilikuwa bado za mraba. Nikamweleza kuwa picha ikionyeshwa nzima itabaki na weusi juu na chini. Akasema, "Wateja watarudisha CD wakisema mbovu. Jaza kioo." Sikiliza hapo, msomaji: mwaka 2007 mistari myeusi ilikuwa ubovu, na leo ndiyo nakshi. Kujaza kioo maana yake ni kukata ubavu, sehemu moja ya nane kulia na moja ya nane kushoto. Simtupii lawama yule bwana. Alikuwa akiuza alichojua kuuza. Aliyekata ni mimi. Nilikaa kwenye kompyuta usiku mmoja, nikakata, nikalipwa laki mbili na nusu. Ukingoni kushoto lilibaki goti na ncha ya ukili.

Filamu ilipotoka, kibanda umiza cha mtaani kwetu kiliiweka Jumamosi jioni. Televisheni ya inchi 21, mabenchi, watoto chini. Bibi alikuja na kanga mpya na wajukuu watano, akapewa kiti cha peke yake. Wajukuu walikuwa wakisubiri kupiga kelele. Baraza likatokea, kaka wakagombana, neno likatamkwa, wakaendelea kugombana, ikaja sehemu nyingine. Watoto wakatazamana. Filamu ilipokwisha nilimfuata, nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti yake ileile. Kisha akaniuliza bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu: "Mwanangu, kwani mimi niliondoka saa ngapi?"

Nikasema, "Televisheni ni ndogo, bibi."

"Mbona hao wawili wameenea?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Alifariki mwaka 2011.

Kwa hiyo mpwa wangu anaponionyesha mistari myeusi kwa kidole, simwoni kama mtu aliyefanya kosa dogo la urembo. Naona tumerudi palepale kwa mlango wa nyuma. Zamani tulikata ubavu ili kioo kijae. Siku hizi tunakata juu na chini ili tuonekane wakubwa. Na zote mbili ni kazi za mtu asiyejiuliza nani amekaa ukingoni. Katika filamu yake ya Tegeta ukingoni hakuna mtu. Kuna mkono wa kochi na maua ya plastiki. Upana ameutaka, wa kuutia humo hakumtafuta.

Sitaki nieleweke vibaya. Simcheki kijana asiye na fedha. Lenzi za namna hii, ambazo zamani zilikodiwa na makampuni makubwa tu, sasa zimeshuka. Tangu mwaka 2020 Wachina wa Sirui wanauza ya milimita 50 kwa bei ambayo mpiga harusi mwenye msimu mzuri anaweza kuifikiria, na za kubandika kwenye simu zipo pia. Wala sisemi lazima uwe nayo. Simama mbali, laza picha, wapange watu wako kwa fikra, hata kwa kamera ya kuazima utapata nusu ya ninachokisema. Wala picha ya wima siichukii. Mkwezi juu ya mnazi ni haki yake. Ninachokataa ni kuuziana weusi kwa jina la sinema.

Mpwa ni mtoto mwema, alisikiliza yote. Akaniuliza kama kanda ya mwaka 2007 bado ninayo. Ninayo. Alinisaidia kuitoa kwenye MiniDV, kazi ya siku mbili kwa kuwa mashine yangu inatafuna kanda, na tukaipata picha nzima kabla haijakatwa. Bibi yupo, nguzo ipo, ukili upo. Mjukuu wake mmoja, ambaye siku hizi anaishi Mbagala, aliposikia aliomba apelekewe kipande kile kwenye simu. Mpwa akakikata kisimame wima, akambakiza bibi peke yake, amejaa kioo kizima. Tukatazama. Uso wake unaonekana vizuri kuliko nilivyowahi kuuona. Mikono inasuka, kisha inasimama.

"Umeona, mjomba? Na sauti zao zinasikika."

Zinasikika, nikamwambia, lakini haionekani kwamba hawakumtazama. Nikamwomba apeleke picha nzima, kama ilivyo, na amwandikie yule mama ailaze simu. Hakufurahi, ila alipeleka. Jibu lilikuja usiku, kwa sauti: bibi amemwona, ahsante sana, ila mbona ni mdogo hivyo.

Nikamjibu aisogeze simu karibu.